Zamu ya Mama Pacha

Jioni za familia zilianza kwa sababu ya upweke. Hapa Garissa sisi watu wa bara tunabaki wageni hata tukikaa miaka kumi. Majirani zetu wana ukoo, wana mabinamu mpaka Ijara na kwingineko, mmoja akifiwa mtaa mzima unajaa mikeka. Sisi tuna chumba cha kupanga, na feni kama umeme upo. Mchungaji akasema Jumapili moja kwamba familia zetu zinakauka, tukutane kanisani kila Alhamisi, kila nyumba na viti vyake, tule pamoja, tuimbe, tuombeane, na tumalize kabla ya adhana ya magharibi ili askari wa lango wafunge mapema. Alitaka mtu wa kuandika ratiba. Mume wangu ni mtu wa pampu za maji, mimi nina cherehani karibu na soko, shule niliachia kidato cha pili, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wakanipa kazi. Tangu hapo hata watoto wananiita Katibu, na sikatai kwamba nilipenda kuitwa hivyo.

Baba wengi wa kanisa letu hawakai na familia zao. Mwalimu amepelekwa Ijara, muuguzi yuko Lafey, dereva yuko njiani siku zote. Alhamisi ya kwanza viti vingi vilibaki vitupu, na wanawake waliangalia viti kuliko walivyomwangalia mchungaji. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kuwapigia simu. Wazo ni langu, siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Tukafanya hivi. Familia yenye zamu inasimama mbele. Mimi nashika simu yangu, naiweka sauti ya nje, naisogeza maikrofoni. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayesalimu kwanza, halafu mama, halafu baba anatuombea wote kutoka huko aliko. Dakika tatu. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa Ijara. Alianza kuomba na mbuzi wakaanza kulia nyuma yake, akawakemea mbuzi kwa jina la Yesu bila kujua tunasikia, na kanisa zima likacheka mpaka watu wakajifuta macho. Mke wake alirudi kwenye kiti akiwa amenyooka kama bibi harusi. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyekuja kwa ajili ya chakula. Walikuja kusikia simu.

Lakini katika wiki za mwanzo wakubwa walipewa zamu mara mbili, na wafua nguo na wapishi wakangoja. Niliona si haki. Nikasema kwenye kamati kwamba zamu zifuate ratiba kutoka juu hadi chini, na familia yoyote isirukwe, kubwa au ndogo. Wakakubali. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: HAKUNA KURUKWA. Nilikuwa nikiifungua ile ratiba nyumbani ili niitazame tu.

Sasa nieleze habari za Mama Pacha. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi kutoka Mwingi, mwenye mikono iliyojaa makovu ya sufuria. Alikuwa na wasichana wawili pacha wa miaka kumi, na mumewe alikuwa fundi wa mawe huko Elwak. Wale wasichana walikuwa na mazoea ya kusema sentensi moja kwa vinywa viwili, mmoja anaanza mwingine anamaliza. Walikuwa wameshajiandaa kwa zamu yao. Walishakubaliana nani atasalimu na nani atasoma mstari wa Biblia, wakanisomea mstari wenyewe dukani kwangu mara tatu, na mara zote tatu waligombana juu ya neno moja.

Zamu yao ilipofika mara ya kwanza, Mama Pacha alikuja kwangu kabla ya wimbo wa kufungulia.

"Katibu, Elwak mtandao umelala. Ule mnara tena."

Ilikuwa kweli kwamba mnara wa upande ule ulikuwa na matatizo. Nikaandika "mtandao" mbele ya jina lao, nikaita familia iliyofuata. Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu hakungoja Alhamisi. Alikuja dukani Jumatatu baada ya kazi, akaketi kwenye benchi la wateja, akachukua kitambaa cha mtu akawa anakikunja na kukikunjua.

"Katibu, unajua kutunza neno?"

Nikasema najua.

"Elwak hakuna shida ya mnara. Nyumba ya Elwak ina mwenyewe mwingine. Amesilimu, ameoa huko. Mimi najua. Tangu Desemba. Na kuna mtoto sasa."

Nikamuuliza kama watoto wanajua.

"Wakijua watalia. Na hapa watalilia wapi? Chumba kimoja, ukuta wa mabati, jirani akikohoa unamjibu pole. Nataka shule zifunge. Zimebaki wiki saba. Nitawapeleka kwa mama yangu Mwingi, huko kuna shamba, kuna nyanya yao, kuna mahali pa kukimbilia. Nitawaambia huko. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nipe hizo wiki saba tu."

Nikamwambia sawa. Nikamchemshia chai. Alipoondoka niliandika katika daftari langu la kila siku: "Nimepewa siri nzito. Mungu anisaidie nisiiangushe." Nilipokuwa naandika nilijisikia mtu wa maana. Nalitaja hilo kwa sababu ni kweli.

Wiki mbili zikapita salama. Halafu ukaja mkutano wa kamati.

Kiongozi wa akina mama ni mke wa mzee mmoja wa kanisa. Watu wanamsema ana mdomo, lakini nataka niwe wa haki kwake: ukilazwa hospitali yeye ndiye wa kwanza kuja na uji, na hauzungumzii uji huo popote. Siku hiyo alikuwa amekasirika kwa sababu binti yake, ambaye mumewe hakupokea simu kwa wakati, alikuwa amepoteza zamu, na mimi nilikataa kuwarudisha kabla ya ratiba kuzunguka. Akaniangalia juu ya miwani.

"Katibu, hebu nisaidie. Mtandao wa Elwak una homa ya Alhamisi peke yake? Maana Jumanne nilinunua mbuzi wa mtu wa Elwak, na tulipiga simu huko, ikapokelewa mlio wa pili."

Watu wakacheka.

"Kuna familia zinarukwa na kuna familia zinabebwa mgongoni," akasema. "Binti yangu hakubebwa. Sisemi kitu. Nauliza tu ile kalamu nyekundu ni ya nani na nani."

Mchungaji akanigeukia. "Katibu, kuna sababu?"

Hapo ndipo ningeweza kusema: ipo, lakini si yangu kuitoa. Maneno matano. Mchungaji wetu si mtu wa kubana watu, angenyamaza. Nimeyahesabu yale maneno mara nyingi tangu siku ile. Lakini nilisikia wakiwaza kwamba napendelea, na mimi kila ninachojivunia katika maisha haya ni kwamba sipendelei. Nikasema, "Hakuna sababu, Mchungaji. Alhamisi ijayo ni wao."

Nilipokuwa narudi nyumbani nikajitengenezea hesabu. Mimi mwenyewe nilikuwa na mteja wa Elwak aliyeniagizia madera, na kila nilipompigia nilipiga mara tano ndipo ikashika mara moja, na jioni haikushika kabisa. Kwa hiyo nikasema moyoni, nitapiga mbele ya watu wote, itakataa mbele ya watu wote, kiongozi wa akina mama atasikia kwa masikio yake ile sauti ya kusema mteja hapatikani, na mambo yatakwisha. Haki itatendeka. Siri itabaki. Na mimi sitakuwa nimesema uongo hata mmoja. Niliona ni akili kubwa sana.

Nikaenda kumweleza Mama Pacha jikoni kwake shuleni. Alikuwa anakoroga maharagwe ya watoto mia kadhaa kwa mwiko mrefu kama kasia. Alinisikiliza bila kuacha kukoroga.

"Na ikishika?"

"Haishiki. Nimejaribu namba yake jana na leo, saa ileile ya jioni na asubuhi. Imekataa."

Hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimejaribu.

"Basi weka namba nyingine," akasema. "Bonyeza namba yoyote isiyokuwepo. Nani atajua?"

"Siwezi, Mama Pacha. Siwezi kusimama kanisani nikapiga namba ya uongo na watu wakidhani ni ya kweli."

Akaacha kukoroga. Akaniangalia, jasho likimtiririka kwenye shingo. "Tarakimu moja tu, Katibu. Ile ya mwisho."

"Ni madhabahuni."

"Kwa hiyo unampigia yeye hasa, ili usidanganye, huku ukiomba asipokee."

Nikasema ndiyo. Alivyolisema ndivyo lilivyokuwa, na bado sikuona ubaya wake.

"Basi tusije," akasema. "Nitasema watoto wanaumwa."

Lakini pacha walikuwa wameshasikia kwamba ni zamu yao. Walikuwa wamefua magauni ya Jumapili na kuyaanika tangu Jumatano. Kuwazuia ilikuwa ni kuwaambia. Nadhani alilifikiria hilo usiku kucha, kwa sababu Alhamisi alikuja, akapita langoni, askari akampitishia kile kifaa cha kukagua, akaingia akaketi akiwa na uso kama wa mtu aliyekaa kwa daktari wa meno. Alipopita karibu yangu alisema neno moja: "Haishiki."

"Haishiki," nikamwambia.

Tulikula wali na maharagwe. Tukaimba. Familia ya kwanza ilikuwa ya muuguzi wa Lafey, na simu yake ilikataa mara tatu, mpaka tukamwacha. Moyo wangu ukatulia kabisa. Lafey na Elwak ni upande mmoja. Nikamwangalia kiongozi wa akina mama nikaona amelegea pia. Ikawa kama saa kumi na mbili na dakika kumi nilipowaita pacha.

Walisimama mbele wameshikana mikono. Mama yao nyuma yao. Nikabonyeza namba. Nikaweka sauti ya nje. Nikasogeza maikrofoni.

Iliita. Mlio wa pili ikapokelewa.

"Assalaam aleikum," ilisema sauti ya mwanamke. "Nani?"

Yule pacha wa kusalimu alinitazama. Alidhani nimekosea namba. Mimi nilijua sijakosea, maana niliipiga kwa uangalifu, tarakimu moja moja, ili nisidanganye.

"Bwana asifiwe," mtoto akasema. "Naomba kuongea na baba."

"Baba ya nani?"

"Baba yetu. Ni fundi wa mawe."

"Aa, fundi. Ndiyo, ndiyo. Amekwenda msikiti, swala imekaribia. Mimi bibi yake. Wewe nani, mama? Niambie, nitambelekea salamu."

Ilikuwa sauti ya upole, yenye lafudhi ya Kisomali. Wengi walisimulia baadaye kana kwamba yule mwanamke alikuwa na kiburi, na wengine wakaongeza kwamba alicheka. Hakucheka. Nilikuwa na simu mkononi, mimi ndiye niliyekuwa karibu. Alimwita mtoto "mama" kama tunavyowaita watoto wa kike tunaowapenda.

"Mimi ni mtoto wake," akasema pacha.

Tukasikia mtoto mchanga akilia kule upande wa pili.

"Mtoto yake," sauti ikasema polepole. "Yeye aliniambia iko watoto ya Mwingi. Ni wewe?"

"Tuko wawili."

"Mashallah. Wawili. Mmekula?"

"Tumekula wali."

"Fizuri. Huyu analia ni ndugu yenu. Meno inatoka, inamsumbua."

Na yule pacha wa pili, ambaye kazi yake ilikuwa mstari wa Biblia na hakutakiwa kusema kitu kingine, akainamia maikrofoni akauliza, "Anaitwa nani?"

Akatajiwa jina. Siliandiki hapa. Ni jina zuri la Kiislamu, na kanisani lilisikika mpaka kwa askari wa lango.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kukata muda wote huo. Watu wameniuliza kwa nini sikukibonyeza, na mimi nimejiuliza kuliko wao. Jibu nililo nalo ni baya: nilikuwa naangalia saa. Kila familia ilikuwa na dakika tatu, na zao zilikuwa hazijaisha.

Mama Pacha ndiye aliyeinyang'anya simu mkononi mwangu na kuikata. Halafu akanirudishia, taratibu, skrini ikiwa chini, kama mtu anayerudisha kisu.

Mchungaji akasema tuimbe. Tukaimba, na tuliimba vibaya, kila mtu na ufunguo wake. Kiongozi wa akina mama alikuwa wa kwanza kuwafikia wasichana, akawapa maji, akawaketisha mapajani pake mmoja huku mmoja kule ingawa ni wakubwa kwa mapaja. Alikuwa analia. Nataka iandikwe kwamba alilia na kwamba hakuijua ile siri. Mimi sikulia.

Mume wangu, asiyependa maneno, alisema njiani tulipokaribia nyumbani.

"Ungesema imekataa."

"Ilikuwa inaita. Ningekuwa nimedanganya."

"Ndiyo," akasema. "Ungekuwa umedanganya."

Akatangulia mbele yangu mpaka nyumbani.

Wiki iliyofuata vijana wa kwaya walikuwa na mchezo mpya. Mmoja anajifanya anapiga simu, mwingine anabana pua: "Mimi bibi yake, nitambelekea." Walicheza hivyo kwenye benchi la nje, wakicheka, na walinyamaza pacha walipopita, lakini walinyamaza wakiwa wamechelewa kidogo kila mara. Wengine ni watoto wa watu wazuri. Kamati nayo ikakutana. Ikaonekana kwamba ile haikuwa tena familia yenye baba aliye safarini, kwa hiyo haingii katika ratiba ya simu, ikawekwa ukurasa wa nyuma pamoja na wajane. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walisema ni kwa kumlinda. Wakaniambia niandike, nikaandika. Orodha ya lango, ya wanaoruhusiwa kuingia, inatoka kwenye ukurasa wa mbele, na Alhamisi iliyofuata askari, ambaye ni mgeni na hufuata karatasi, alimsimamisha Mama Pacha nje juani kwa sababu hakuliona jina lake, mpaka nikaitwa nithibitishe kwamba ni wetu. Alikuja peke yake. Wasichana walikuwa wamekataa kutoka.

Siku ya Jumamosi, yule pacha wa kusalimu alikuja dukani kwangu akiwa bado amevaa ndala za nyumbani. Alisimama mlangoni. Nikamwambia aingie kwenye kivuli, hakuingia.

"Katibu, wewe ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na gauni la mtu kwenye cherehani. Niliondoa mguu kwenye kanyagio. Nilisema moyoni, kama kuna kitu kimoja ninachoweza kumpa mtoto huyu, ni kutomdanganya, maana ameshadanganywa vya kutosha.

"Nilijua," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Nilidhani amemaliza.

"Na mama alijua?"

Nimejaribu kukumbuka kama nilisita. Ningependa kuandika kwamba nilisita. Nadhani nilijibu mara moja, kama mtu anayejibu mtihani, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kusema kweli na nilijiona safi.

"Mama alijua. Tangu Desemba."

Mkononi alikuwa na shilingi za sukari, akawa anazisugua moja juu ya nyingine.

"Desemba baba alituletea viatu," akasema. "Mama alisema baba ametuletea viatu."

"Labda ni kweli alileta."

"Havikuwa saizi yetu," akasema. Halafu akaenda zake, hakupitia kwa muuza sukari.

Mama Pacha alikuja Jumatatu, saa ileile aliyokuja mara ya kwanza. Hakuketi. Nilimwambia karibu, akasema amekaribia. Alieleza mambo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza nguo. Baada ya ile simu alizungumza na watoto siku tatu. Aliwaambia hata yeye alishtuka kanisani, kwamba alisikia pamoja nao, kwamba wote watatu waliangushiwa jambo lile siku moja. Wakamwamini. Wakalala kitanda kimoja wote watatu, wakalia pamoja, na wale wasichana ndio waliokuwa wakimbembeleza yeye, wakimfuta machozi na kona ya leso.

"Walikuwa upande wangu," akasema. "Unaelewa, Katibu? Tulikuwa watatu."

Nikasema naelewa.

"Jumamosi mmoja amerudi bila sukari. Tangu hapo hawasemi na mimi. Wanasema wao kwa wao. Wanakula nikitoka. Nikiingia, wanazima taa. Jana yule mkubwa ameniambia nipige simu Elwak, waongee na yule mama, kwa sababu yule mama hakuwadanganya."

Nilianza kusema pole. Aliinua kiganja.

"La simu nimekuachia. Simu ni simu, ulidhani haitashika, na mimi nilikuja kwa miguu yangu. Ningeweza kuwafungia ndani. Hilo tumelikosea wote wawili. Lakini Jumamosi alikuuliza nini? Mama alijua? Ungesema kamuulize mama yako. Tu. Hata huo si uongo. Ungesema, kamuulize mama yako."

Ni kweli. Si uongo. Katika maisha yangu yote ya kuogopa uongo sikuwahi kuona kwamba kuna mlango ule katikati, wala mtu hakunifundisha, au alinifundisha nikadhani ni ujanja.

"Uliona nini kwa kumjibu?" akaniuliza. "Naomba uniambie tu. Wewe ni mtu wa kweli, mji wote unajua."

Nilitaka kumwambia kwamba nilifikiria mtoto ana haki. Lilikuwa mdomoni. Lakini aliniuliza kweli na mimi nikamwambia kweli, ile niliyoiona wakati ule aliponitazama na mikono yake yenye makovu ikining'inia.

"Nilitaka anione mimi kuwa sikumdanganya."

Sikuona hasira usoni, na ningefurahi kuiona.

"Amekuona," akasema. "Anakusifu. Anasema katika watu wazima wa hapa, ni Katibu peke yake."

Akafunga leso yake vizuri kiunoni, akatoka, akaivuka barabara kuelekea shuleni kwa sababu maharagwe ya kesho hulowekwa jioni.

Aliwapeleka Mwingi wiki hiyohiyo, kabla shule hazijafunga, kwa ombi lao. Alirudi peke yake, anapika, na Alhamisi anakuja. Anaketi na wajane wa ukurasa wa nyuma, anakula, anaimba sauti ya pili ambayo ni nzuri. Akinikuta mlangoni ananipa mkono na kusema, "Bwana asifiwe, Katibu," na mimi najibu. Wasichana wake wameniandikia barua moja, wameiandika kwa zamu, mstari mmoja mwandiko huu na mstari mmoja ule. Wananishukuru. Wanauliza kama naweza kuwatumia ile namba.

Barua ina wiki mbili kwenye droo ya cherehani. Sijajibu. Kila asubuhi naivuta droo kutafuta uzi, naiona, na kila asubuhi najua kwamba nikisema sina hiyo namba nitakuwa nimedanganya.